Umri wa Dunia na Majiko ya Bi Zuhura

Mowlem, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na boma zima. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila kucha zangu bado ni za muuza makaa, hazitakati hata kwa maombi. Kaka Simiyu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Tafadhali usiruke mstari.

Kanisa letu lilikuwa likitafuta mwalimu wa darasa la watu wazima la Jumamosi. Tulijitokeza wawili: mimi niliyeishia darasa la saba, na Mwalimu Protus, mwenye cheti cha chuo na viatu vinavyong'aa. Mchungaji akaamua kwamba wanafunzi waulize swali moja, na atakayewaelewesha ndiye mwalimu wao. Mama, sijawahi kutaka kitu hivyo. Watu huniletea vitabu vikuukuu vya kuwashia moto, nami huvisoma kwanza. Kaka alishasema kichwa changu ni cha kubebea kuni. Sijasahau.

Jana swali likatoka kwa Bi Zuhura, jirani yangu anayekaanga viazi nyuma ya kanisa.

"Wataalamu wanasema dunia ina miaka bilioni nne na nusu. Nani alikuwepo akihesabu?"

Protus alijibu mpaka ubao ukajaa. Mzee mmoja wa mbele akakoroma. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Bi Zuhura, twende kwako."

Kila asubuhi yeye huwasha majiko mawili kwa pamoja, la viazi na la chai, yote kwa makaa yangu. Tulipofika nikamwomba asitaje saa aliyowasha. Nikawaeleza wenzangu: ndani ya mawe mna punje ndogo ngumu zenye madini ya urani. Punje hizo zinapoganda, risasi, ile metali nzito, si ya bunduki, haikaribishwi ndani. Lakini urani yenyewe hugeuka risasi polepole, kwa mwendo ule ule. Huwezi kuipepea iharakishe. Basi risasi utakayoikuta humo ni jivu lake. Ukilinganisha jivu na makaa yaliyobaki, unajua moto uliwashwa lini.

Nikatoa jivu la jiko la viazi, nikalipima kwa kijiko. Vijiko viwili. Najua makaa yangu huacha vijiko viwili vya jivu kwa saa, nikatangaza: "Moto huu una saa moja."

Bi Zuhura akacheka hadi akashika kiuno. "Shoga! Na wale niliowauzia viazi asubuhi, niliwakaangia juani?"

"Arudi kwenye gunia lake la makaa," Protus akasema, na watu wakaangua kicheko.

Nikatazama chini kwa aibu, na huko chini nikaona ncha ya kiatu cha Protus. Ilikuwa na jivu.

"Mwalimu, umeligusa jiko hili?"

"Nilikuja kununua viazi kabla ya darasa nikakuta linazimika, nikalikung'uta. Ni kosa kusaidia?"

"Si kosa hata kidogo. Ndivyo dunia inavyojifanyia."

Nikawaambia kwamba dunia hujikoroga: mawe yake ya mwanzo yaliyeyuka, yakapikwa upya, jivu likapotea. Ndiyo maana wataalamu hulitafuta jiko la pili, yaani mawe yanayoanguka kutoka angani, yaliyoumbwa wakati mmoja na dunia lakini hayakukung'utwa na mtu. Wakapima risasi ya humo, wakapata umri wetu.

Nikageukia jiko la chai. Nikahesabu kwa sauti, nao wakahesabu pamoja nami, hadi vijiko vinane.

"Moto wa saa nne! Sasa ni saa saba mchana. Bi Zuhura, uliwasha saa tatu asubuhi."

"Wallahi!" akapiga yowe. "Redio ilikuwa ndiyo inaanza habari!"

Walinibeba, Mama, na uzito wangu huu. Protus alipiga makofi matatu, akatazama huku na huku, akaongeza mengine. Jumamosi ijayo naanza kufundisha, na yeye ameomba kiti cha mbele.

Msalimie shangazi mfinyanzi, na binamu anayekamua ng'ombe. Lile jiwe lako la kusagia wimbi nalo lipapase kwa heshima. Ni la zamani kuliko ugomvi wote uliofanyika juu yake.

Sasa Kaka, malizia kwa sauti, kisha urudie, maana sikio la kushoto la Mama ni zito:

Ni mimi binti yako,
Mwalimu Nekesa