Mbegu ya Kunguru

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimefungua vibakuli vya majaribio kabla ya chai. Supa, mpunga wa siku hizi, imeota vizuri. Ile tuliyoitoa Sanje imeota nusu. Kunguru haikuota. Hata punje moja. Nimezibonyeza kwa kucha, zikatoa uji mweupe unaonuka. Nikarudia kusoma lebo nikidhani nimechanganya. Sikuchanganya.

Na Kunguru ndiyo wanayoitaka watafiti wa nje. Ganda jeusi, mchele mwekundu. Maji ya mto yakipanda shambani nayo inarefuka, kichwa kinabaki juu. Supa ikizama siku chache inaoza. Wanataka kuzizalisha pamoja, wapate mpunga mtamu usiokufa maji. Wakulima wa bondeni wameiacha Kunguru siku nyingi, haiuziki. Sisi tukaiokota, tukaitia kwenye friza, tukajisifu kwamba tumeihifadhi.

Friza lenyewe. Mvua zilizopita umeme ulikatika wiki baada ya wiki. Dizeli ya jenereta ikaingia kwenye gari la Mkuu wa kituo, akaenda harusi ya mdogo wake huko Mahenge. Umeme uliporudi friza likajaa samaki wake, kitoga wa mtoni. Anafungua, anafunga, kila jioni, na vifuko vya mbegu viko chini ya samaki vinalowa. Nilisema. Akanijibu kwamba samaki hawali mbegu. Watu wakacheka. Nawachukia wote waliocheka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwambia Mkuu. Akasema rudia jaribio. Nirudie nini, zimeoza. Akauliza nani mwingine anayo. Nikamtajia mzee Benitho, ng'ambo ya kivuko, njia ya Malinyi. Ndiye aliyetupa ile ya kwanza. Simjui mwingine.

Mkuu anakumbuka, nami nakumbuka. Mwaka jana mto ulizoa miche ya yule mzee, akaja hapa kwa baiskeli kuomba kikombe kimoja cha mbegu yake mwenyewe. Mkuu alimkatalia langoni mbele ya wageni. Hapa siyo sokoni, mzee, mbegu hizi ni za utafiti. Mzee alivaa kofia yake akaondoka.

Ananituma mimi. Yeye ana kikao.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefika kwa lori, vumbi mpaka menoni. Nimempigia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama. Mkewe, Adela, akaniletea kigoda. Mzee akamwambia akirudishe ndani.

Amekonda. Anakohoa kifua kizima. Ulimi lakini mzima kabisa. Nilipomaliza kueleza shida yangu alisema, "Hapa siyo sokoni, mama wa serikali." Akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Nilitamani kimkunje zaidi.

Mbegu ipo. Nimeiona kwa macho yangu darini, juu ya moto wa jikoni. Kilindo kimoja, chombo cha gome, cheusi kwa moshi, si kikubwa kuliko ndoo ndogo. Ndiyo yote iliyobaki. Wanaipanda Januari kwenye shamba la chini, kandokando ya maji, mahali ambapo hakisimami kitu kingine. Nimeomba nusu.

Akanikumbusha desturi kana kwamba mimi ni Mzungu. Huku mbegu hainunuliwi, wala haiombwi mikono mitupu. Anayeitaka analima kwanza shamba la anayeitoa. Najua. Hata kwetu Masagati wanafanya hivyo, mama yangu alilima mashamba ya watu kwa ajili ya mbegu ya maboga. Nimekubali. Nije Jumatatu na jembe langu.

Nalala kwa katekista. Mkewe mkarimu, anaongea sana.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijawahi kudhalilishwa hivi na mtu mgonjwa.

Alitoa kiti chake mpaka ukingoni mwa shamba. Akaita majirani waje waone serikali inalima. Walikuja. Alisema jembe langu linaitekenya ardhi. Alisema tumbo langu la mshahara ndilo linalonizuia kuinama. Adela alipochukua jembe aje kunisaidia, akamwita arudi kama anaita mbwa. Adela akarudi.

Mchana Adela ameniletea maji. Akaongea haraka, ameipa nyumba mgongo. Shamba hili la chini ni lake. Alipewa na mumewe siku za kuolewa kwa sababu hakuna aliyelitaka. Kunguru tu ndiyo inayomlisha hapa. Wamekaa bila kuila tangu mafuriko, kila punje wanaiweka iwe mbegu. Akasema, "Usitumalizie, dada." Nimemwahidi nitachukua nusu tu, na nusu yao haitaguswa.

Jioni mzee amepima kwa fimbo. Eti nimelima kazi ya nusu siku tu. Nirudi wiki ijayo nimalizie.

Nimesali kabla ya kulala. Nimemwomba Mungu mzee huyu afe. Nimeandika, sifuti.

Ijumaa, 15 Novemba

Ifakara, nimerudi kituoni. Malengelenge yamepasuka, kalamu inauma. Mkuu ameuliza mbegu iko wapi, watafiti wamepiga simu tena. Nikamwambia aende akalime. Akacheka kama mtu aliyesikia hadithi ya watoto. Jioni akaja ghalani kuchukua kitoga wake.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimemaliza shamba.

Mzee anakohoa damu kwenye kitambaa, anakikunja haraka, halafu anaendelea kunisema. Leo amesema viatu vyangu vya ofisini vinafaa kutegea panya. Hakuna aliyekuja kutazama safari hii. Wamechoka na mchezo. Tulikuwa wawili tu, mimi na mdomo wake.

Jioni alitembea shamba zima akijikokota. Akasema sasa umelima. Nikanyoosha kibuyu. Akakisukuma. Nirudi Jumamosi ya wiki ijayo, kwanza anataka kuchagua mbegu kwa mkono wake, atoe mapepe, zile punje tupu. Nikauliza kwa nini asichague sasa hivi. "Nimezoea kukuona ukirudi," akasema.

Adela akanisindikiza mpaka njiani. Ananiomba nisimkasirikie, tangu augue hakuna anayefika kumjulia hali, hata mdogo wake. Nikamjibu kwamba hilo si ajabu. Nilisema kwa sauti, nadhani mzee alisikia. Natumaini alisikia.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimefika na kibuyu changu. Uani watu tele, wanaume wamevua kofia. Nikajua kabla sijaambiwa. Mzee Benitho amefariki juzi, wamemzika jana.

Halafu nikaona kinu. Wasichana walikuwa wametoka kutwanga. Pumba zimetapakaa chini, na pumba ni nyeusi. Kuku wanazichakura.

Sijui nini kilinipata. Nilipiga magoti nikaanza kuchambua pumba kwa vidole, natafuta punje yenye ganda. Chache tu zingetosha kuanzia. Mwanamke mmoja akasema mama wa serikali ana njaa, mwingine akacheka kwenye khanga yake. Kuku walikwisha kunitangulia. Nilipata mapepe na vipande.

Ponsiano, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeninyanyua. Kwa heshima zote, kwa mikono miwili. Akanifuta magoti. Akanieleza kwa furaha kwamba kaka yake aliwaambia mgeni wa serikali anakuja Jumamosi. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa unga wa muhogo. Waombolezaji watakula ugali, hilo halina aibu. Lakini mgeni wa serikali na katekista wapewe ugali wa muhogo? Ukoo ungechekwa mpaka Malinyi. Basi alipanda darini mwenyewe, akashusha kilindo. Anajua ilikuwa mbegu. "Mbegu ya wazee," alisema. "Nani atapanda hiyo sasa? Mimi shamba la juu natia Supa." Kilindo kilikuwa kimewekwa kinywa chini ukutani, kimekung'utwa.

Nimeuliza kama kimebaki kikombe. Akadhani nahofia kukosa chakula. Akasema nisiwe na wasiwasi, kipo cha kunitosha.

Nikapewa sahani. Wali mwekundu na kipande cha kitoga juu. Mimi na katekista na wazee wawili, mkekani, mbali na wala ugali. Katekista alisali. Kukataa chakula cha msibani ni kuwaambia wenye msiba kwamba unahofia wametia kitu. Na wote walikuwa wananitazama mimi. Nikala. Ponsiano akaniongezea kwa mkono wake, nikala tena. Nimemaliza sahani.

Niliingia kumpa pole Adela. Yupo chini, khanga nyeusi kichwani, mawifi wamemzunguka. Mbele yake bakuli la uji. Wifi mmoja akanisimulia mbele yake mwenyewe, bila haya: kilindo kiliposhushwa huyu aliinuka mkekani akapiga kelele, wakamkalisha kwa nguvu. Mume hajapoa kaburini, mwanamke analilia mpunga. Wakaguna wote. Adela hakuinua uso.

Nilimwomba Mungu yule mzee afe. Sielewi kwa nini husikia mambo ya namna hiyo tu.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempa Mkuu habari. Alifikiri kidogo, akigonga kalamu mezani. Akauliza kama mbegu iliyokufa inaonekana kwa macho kwamba imekufa. Nikasema hapana, ikikauka ni mbegu tu kama nyingine. Akasema basi, zile zetu zianikwe, zifungwe vizuri, zitumwe kwa watafiti. Wakizipanda zisiote watasema zimeungua kwa joto uwanja wa ndege.

Nimekataa. Nimesema maneno ambayo mtu wa daraja langu hasemi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akamwita dereva akamfundisha kufunga vifuko, akampa na gamu. Mimi akaniambia nimechoka, nichukue likizo.

Jumatano, 18 Desemba

Likizo. Nimefua mapazia. Nimegombana na dada kwa sababu ya chumvi. Kila aliyenipa wali wiki hii nimemwambia nina tumbo.

Dereva kapita kunisalimia. Kifurushi kimekwenda. Mkuu amesifiwa kwa simu, wamemwita mlinzi wa urithi wa bonde. Dereva aliniambia hivyo akicheka, akanikuta sicheki, akaaga.

Jumanne, 24 Desemba

Misa ya mkesha siendi. Nilianza kuvaa, nikavua. Nikikaa kanisani nitaomba kitu tena.

Ijumaa, 10 Januari 1997

Nimerudi kazini. Mvua imeshika tangu alfajiri. Mlinzi akaja kuniambia kuna mama langoni ananiulizia kwa jina.

Adela. Arobaini imepita, bado yuko na nyeusi. Amevuka kivuko na mvua, analowa, ameshika kikombe cha bati ndani ya kitambaa. Akanisalimia kwanza vizuri, akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema amekuja kuomba. Mzee alimwambia serikali inayo Kunguru kwenye baridi. Yuko tayari kulima popote nitakapomwonyesha.

Nimempeleka chini ya paa la gereji. Nimemwambia ukweli. Za kwetu zimekufa. Zilikuwa zimekufa kabla sijafika kwao.

"Kumbe ndiyo maana mlikuja kuomba za kwetu," akasema. Nikasema ndiyo.

Ponsiano amechukua shamba la juu. La chini amemwachia, hakubishana hata kidogo, kwa kuwa anajua lina maji. Limeshaanza kujaa. Nimeingia ghalani nikamjazia kikombe Supa. Anajua itazama, nami najua. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakifunga kitambaa vizuri.

Hatukuwa na jambo jingine. Mvua ilikuwa inapiga bati, hawezi kuondoka. Akaniuliza ule wali ulikuwaje. Hawajaula tangu mafuriko, na siku ile yeye alipewa uji.

Nikamwambia ulikuwa mtamu. Unanukia mpaka nje. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndivyo ulivyo. Tukakaa pale kwenye matairi ya zamani kungoja mvua ipungue.