Jina Lako Bado Limo Orodhani

Mwanangu Zuhura,

Niwie radhi kwa kimya hiki. Tangu arobaini yako iliposomwa sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikikukemea ukichelewa kujibu barua. Mara tatu nilikaa mezani, nikaandika jina lako, nikaishia hapo. Leo ninaandika kwa sababu nimetakiwa kutoa uamuzi unaokuhusu, na sijazoea kuamua jambo lako bila ya kukusikia ukinipinga.

Kwanza nikupe habari za Baraza. Programu yako haikufa, na watu wa Kampala wanaopenda kuzungumza Kiswahili bado wanaitumia kukutana kila Jumamosi. Kato, mwenzako wa kazi, bado yumo katika chumba kile cha Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha. Mimi nimeichukua kazi yako ya kusoma maoni ya watumiaji. Kato huyachapisha kwenye karatasi, maana macho yangu hayaiwezi simu, kisha hupanda boda boda akaniletea hapa Kibuli.

Mwezi wa kwanza niliyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kato alizitazama karatasi akasema, “Mzee, hii si mtihani. Ni malalamiko.” Nikakumbuka kwamba wewe uliwahi kunieleza jambo lilo hilo kwa ukali zaidi: “Baba, mtu akikuambia mguu unamuuma, unatazama mguu au unatazama sentensi?” Kalamu nimeiweka.

Tumerekebisha mambo madogo madogo. Herufi tumezikuza kwa ajili ya wazee wenzangu. Ramani, iliyokuwa ikiwapeleka watu upande wa pili wa kilima, tumeiongezea maneno: shuka stegi fulani, ulizia duka la fulani. Yule askari mstaafu wa Mbuya, aliyekuwa akilalamika kila juma kwamba amepotea, sasa hufika wa kwanza, na analalamika kwamba wengine wanachelewa.

Kazi kubwa ilikuwa vile vitufe viwili ulivyoviacha, “Nitakuja” na “Sitakuja”. Jirani yetu Bi Mastura, mpishi wa maandazi ya kikao, aliona watu arobaini wamebonyeza “Nitakuja”, akakanda unga wa watu arobaini. Walikuja tisa. Alitutumia maoni kwa sauti: “Mwalimu, watu wako wamenidanganya mchana kweupe! Maandazi nimewapa mpaka mbuzi!” Lakini hawakukusudia kudanganya. Nani kati yetu anaweza kumwambia aliyemwalika, kavukavu, kwamba haji? Hata aliye kitandani husema atakuja. Kato akaongeza kitufe cha “Inshallah”. Juma lile watu wote wakabonyeza hicho, na Bi Mastura hakujua awashe jiko au asiwashe. Mwishowe tuliondoa “Sitakuja”, tukaweka “Naomba udhuru”, na chini yake nafasi ya kumsalimu mwenyeji. Hapo ndipo watu walipoanza kusema kweli. Wanaomba udhuru, wanaulizia afya za watu, na maandazi hayabaki.

Kosa lile nililielewa upesi kwa kuwa nilikwisha kulitenda. Kikao chako cha kwanza mimi nilibonyeza “Nitakuja”, na sikuja. Nilikaa nyumbani, mwendo wa dakika chache tu, kwa sababu nilijua nitasikia Kiswahili kikivunjwa nami nitaudhika. Uliporudi ulisema tu, “Nilikuwekea kiti, Baba,” ukaenda zako chumbani. Siku hizi ninakwenda kila Jumamosi. Wanakivunja kweli, Zuhura. Wanakivunja huku wanacheka, na Mkongo anamwelewa Mganda, na Mganda anamwelewa bibi wa Kinubi. Laiti ningeliyaona hayo nikiwa nimekaa karibu nawe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Orodha ya kila kikao ina sehemu tatu: wanaokuja, walioomba udhuru, na ambao bado hawajajibu. Tangu vitufe vibadilishwe, ile sehemu ya tatu imekuwa ikipungua, mpaka limebaki jina moja. Ni lako, pamoja na picha yako ya mtandio wa kijani.

Wenyeji wanajua, hawasemi. Wageni hawajui. Muuza vitenge mmoja kutoka Kongo ametuandikia: “Huyu Zuhura ni nani? Kila juma hajibu. Mumupigie simu ao mumutoe.” Na Jumamosi iliyopita mama mmoja mgeni alizuia kiti kando yake. Bwana mmoja alipotaka kukikalia, akamwambia, “Aa, ssebo, hapana. Kuna binti hajajibu bado, pengine yuko njiani.” Nilitoka nje. Nilisimama penye pikipiki za watu.

Kato anasema dawa ni nyepesi: asiyejibu kwa miezi mitatu, programu imwondoe yenyewe. Watumiaji wanalitaka jambo hilo. Ni rekebisho la aina uliyoipenda wewe, dogo, lisilomsumbua mtu. Lakini hataki kuliwasha mpaka nikubali. Alinipa simu mkononi ili nibonyeze mwenyewe. Nikamrudishia. Akauliza kwa upole, “Basi tumwandikie udhuru, Mzee?” Nikakataa. Udhuru ni wa mtu anayeweza kuja juma lijalo.

Najua ungesema nini. Ungesema Baraza ni la watu wanaokuja, na mama yule asizuie tena kiti bure. Hoja hiyo sina la kuipinga. Ila nguo zako tumezigawa. Chumbani kwako analala binamu yako. Namba yako ya simu amepewa mtu nisiyemjua. Nilipiga siku moja, akapokea, nikaomba radhi. Katika mji huu wote pamebaki mahali pamoja ambapo mtu anaweza kusoma jina lako akadhani utajibu. Mimi hulisoma kila Jumamosi, kwenye orodha anayonichapishia Kato, kabla ya kuvaa kanzu. Najua hutajibu. Hulisoma hata hivyo.

Sijui ninalilinda jina lako au ninajilinda mimi. Ungekuwepo ungeniambia, tena bila ya kupunguza makali.

Kato anangoja jibu langu, naye ni mpole mno kunihimiza, kwa hiyo si haki nimchoshe. Nikishaamua nitakuandikia wewe kabla ya kumpigia yeye simu, na nitakueleza nilichokifanya kama kilivyo, hata kikiwa cha aibu. Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako. Nina hamu nawe, mwanangu, na laiti ningalikuambia hilo mapema zaidi.

Kwa heri kwa sasa.

Baba yako