Uvimbe Nyuma ya Pua Yangu

Jumanne, 4 Aprili
Nimegonga mlango tena. Bega la kulia safari hii. Gencho akacheka: "Mke wangu, mlango uko hapo tangu enzi za babu. Wewe ndiye umehama." Kicheko kilimwishia kwa daktari wa macho. Kidole kilipungwa pembeni, sikukiona. Kushoto giza, kulia giza — kama farasi aliyefungwa vidoto. Daktari: nenda Sofia, mji mkuu, usikawie.

Alhamisi, 6 Aprili. Sofia
Uvimbe. Uko kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Tezi yenyewe ni kama njegere. Uvimbe wangu ni kama plamu, na umeisukuma mishipa ya macho. Daktari Karaslavov anasema hapasui fuvu. Anapita puani. Puani! Nikamwambia: mimi ni mnusaji. Mafuta ya waridi ya shemeji yangu Minko hayatoki kiwandani mpaka pua hii iseme ndiyo.
Akasema uvimbe mkubwa hivi unataka njia pana. Harufu huenda ikapotea kwa miezi. Huenda isirudi. Lakini nikikataa, macho yatakwenda, na hayo hayarudi.
Binti yangu Nevyana akanijibia: "Macho, mama! Hilo nalo ni swali?"
Ni swali, mwanangu.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Tumegonganisha mayai mekundu, kama desturi ya Pasaka, langu likavunjika la kwanza. Minko alikuja na divai. Akidhani niko jikoni, akamwambia Gencho: mavuno ya waridi ni mwezi ujao, si angengoja yaishe ndipo apasuliwe? Gencho akamfukuza mezani, ndugu yake wa tumbo moja, siku ya Pasaka! Nilitaka kumtetea. Hata mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo.

Jumatatu, 17 Aprili. Hospitali
Asubuhi Gencho alisimamisha gari kando ya shamba letu la waridi. "Shuka kidogo, mama Nevyana. Maua bado, lakini unuse hata udongo." Nikasema tutachelewa, twende. Hatukuchelewa. Tumekaa koridoni muda mrefu, tukinusa dawa ya kusugulia sakafu. Kumbe ndiyo harufu ya mwisho niliyojichagulia. Dawa ya sakafu!

Alhamisi, 20 Aprili
Niko hai. Pua imejaa pamba. Kiu ajabu — nakunywa kama ng'ombe, na mkojo wanaupima wote. Marufuku kupenga, marufuku kuinama. Chafya ikija, mdomo wazi. Walikata mafuta kidogo pajani wakazibia tundu la ndani. Gencho: "Kuanzia leo utafikiri kwa paja." Kumbe hata kucheka kunauma.
Lakini naona! Nevyana alisimama kushoto kwangu, nikamwona bila kugeuka. Ana mvi. Binti yangu ana mvi — tangu lini?

Jumanne, 25 Aprili
Pamba imetoka. Chai ya mnanaa: moto tu. Sabuni: hakuna. Shingo ya Gencho: hakuna. Daktari anasema ni mapema mno, nivumilie. Kipande kidogo cha uvimbe kimebaki, kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu, watakuwa wanakiangalia. Alifurahi sana kwa ajili ya macho yangu. Sikutaka kumharibia furaha.

Ijumaa, 19 Mei
Wachumaji wameingia shambani na umande. Sijawahi kuliona shamba hivi — lote, mpaka mlimani, kushoto na kulia kwa pamoja. Wanawake wakaniita: "Rayna, njoo unuse, mwaka huu ni balaa!" Nikazamisha uso kwenye kapu. Baridi. Petali zimelowa. Nikasema, "Aa, tamu."
Nyumbani nimelia. Ningeshuka garini siku ile. Ningeshuka tu.

Jumapili, 21 Mei. Kiwandani
Mafuta ya kwanza. Mnunuzi Mfaransa amekuja. Minko hajui kwamba pua haijarudi. Gencho nimemkataza kusema. Kichupa kikaletwa. Nikafumba macho kama zamani, nikavuta. Hewa. Hewa tupu!
Nikasema, "Mazuri."
Minko akanibusu mashavu yote mawili. Mfaransa akapiga makofi. Nilidhani yamekwisha. Mara Minko akaleta kichupa kingine: "Na haya, shemeji? Ya mtambo wa pili. Vijana wanabishana — wengine wanasema yameungua, wengine wanasema safi. Sema wewe, tumalize."
Nikaomba kwenda kunywa maji. Sasa niko nyuma ya ghala, naandika kwenye goti.
Minko anaita: "Shemeji! Umetumbukia kisimani?"
Gencho amenifuata. Amesimama, kofia mkononi. "Nikusemee mimi?"
Nimetikisa kichwa: hapana.
"Basi utawaambia nini?"
Mfaransa naye anauliza, yule mama wa pua yuko wapi. Wanakuja huku. Gencho ameninyooshea mkono niinuke, na mimi bado—