Aliyelala Kitanda cha Pili

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye joto, wewe uliye kwenye baridi ya milimani. Presha inaendeleaje? Dawa unazimeza, au bado unazihifadhi kabatini kama vyombo vya wageni? Na Mama Mkubwa, goti lake limekubali kupanda kile kilima cha kanisani? Nimesikia mahindi ya upande wa juu yamekauka, ila ya mtoni mmevuna kidogo. Sisi huku tu wazima, ukiacha mguu wa Baba, na mguu huo ndio ulionishikisha kalamu.

Barua hii atakuletea mwalimu mkuu wa shule yetu. Alishuka kuja kumwona Mheshimiwa kuhusu paa la madarasa, na leo anarudi. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yako hupokelewa na Mama Mkubwa, naye huiweka kwa sauti ya juu nyumba nzima isikie. Haya ya leo ni yako peke yako.

Kazi yangu unaijua, ingawa hapo nyumbani wengine wanadhani nakaa na mbunge tukinywa soda. Mheshimiwa ni mbunge wa huko kwetu, lakini watu wake wengi wako huku bandarini na kwenye reli, ndiyo maana akafungua ofisi hapa Tudor, juu ya duka la dawa. Yeye huja mara mojamoja. Siku nyingine tunabaki mimi na Bi Mwanaisha, mama wa Mji wa Kale ambaye ameshafanya kazi na wabunge kadhaa na hakuna hata mmoja aliyemtia hofu. Mtu huja na habari ya kitambulisho kilichopotea, mwingine ya bomba la maji lililokatika kijijini, mwingine hana shida yoyote, amepita tu kupunga upepo wa feni. Wote tunawaandika.

Tangu mwaka jana kazi kubwa ni ya wazee waliolitumikia jeshi. Mheshimiwa anawaandikisha wapate kadi ya askari mstaafu, ile inayomfungulia mzee mlango wa hospitali ya wanajeshi. Mzee akileta karatasi yake ya kuachishwa jeshi, tunaipokea, kisha tunamuuliza swali moja ambalo Mheshimiwa alilibuni mwenyewe: ulipokuwa kwenye mafunzo, kitanda cha pili, cha ubavuni mwako, alilala nani? Jibu lake haliko kwenye karatasi yoyote. Aliyekuwa jeshini hujibu kabla hujamaliza kuuliza, na wengine hutoa leso. Aliyeokota karatasi ya mtu huanza kukuna kichwa na kulalamikia uzee.

Wewe ulipokuja, Baba Mkubwa, sikukuuliza. Nilisimama, nikakuamkia, nikakupa kiti changu, nikaagiza chai na mahamri, nikajaza fomu yako mimi mwenyewe. Karatasi ilikuwa na jina lako. Nilijua Baba alikuwa askari, na nikadhani kumbe nawe ulikwenda, maana watoto kwetu hatuambiwi kila kitu. Ningeanzaje kumhoji baba yangu mkubwa kama mshukiwa, naye ana kikombe mkononi? Bi Mwanaisha aliinua uso akanitazama, kisha akaendelea na kazi yake. Kosa hilo ni langu na nimelikubali.

Baba alipofika huku, mguu ulikuwa umevimba hadi kiatu hakiingii. Daktari amesema mfupa uliungwa vibaya tangu zamani, lazima ufunguliwe upya, na ukiachwa mwaka mwingine hatautumia tena. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, alete karatasi yake ya jeshi nimwandikishe.

"Imeshakuja," akasema. "Uliipokea wewe."

Ndipo akanieleza. Kwamba wakati wa kuandikishwa jeshi walitaka cheti cha kumaliza shule, naye aliachia njiani, na Bibi akatoa cheti chako kwenye sanduku akampa. Wewe ulikuwa kwenye mashamba ya mkonge na ulikubali. Kwamba miaka yote ya jeshi aliitwa kwa jina lako, na kule kaskazini gari la kikosi lilipopinduka likamvunja mguu, hospitalini pia waliandika jina lako. Aliporudi nyumbani akarudia jina lake, na karatasi ikarudi kwenye sanduku la Bibi, mpaka ulipoitoa wewe.

Nilikasirika. Nakwambia wazi kwa kuwa huuoni uso wangu. Yeye hakukasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Kaka alinipa jina lake nikiwa sina kitu," akasema. "Akilitaka, si lake?"

Kesho yake nilifika kazini, na Bi Mwanaisha hakungoja nivue mkoba. "Wakesho, mbona mato mekundu? Nani kakuliza?" Nikamweleza yote. Hakunipa pole. Alisema, "Heshima ya mzee ni nyumbani, mwanangu. Hapa ni mezani. Mlete babako kwa Mheshimiwa, aseme kwa ulimi wake."

Basi nikampeleka. Mheshimiwa ni mama mpole lakini hapotezi wakati. Akamkaribisha kiti, Baba akakataa, akabaki amesimama. Akamuuliza, "Mzee, uliwahi kuwa jeshini?" Baba akatazama kalenda iliyo ukutani.

"Hapana, Mheshimiwa. Aliyekuwa ni kaka yangu."

Alisema hivyo visigino vimegusana, kifua mbele, vidole vimenyooka kwenye mshono wa suruali. Mheshimiwa alimtazama miguu kwa muda, kisha akanitazama mimi. Baba alipotoka akaniambia kwamba hawezi kumwandikisha mtu anayekana, wala kumfuta aliyeandikishwa kwa sababu karani wake analia. Lakini akisimama mwenye jina aseme mwenyewe, yeye atalirekebisha siku hiyohiyo na hatamshtaki mtu. Hayo ameniruhusu nikuandikie.

Jioni nilimpeleka Baba kule ufukweni Mama Ngina anyooshe mguu. Hutembea kutoka kwa muuza mihogo mmoja hadi wa pili, halafu anakaa. Nikamuuliza kwa nini alikana. Alitafuna kwanza, akameza. "Kaka akisema alidanganya, kijiji kizima kitamcheka mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mimi nina mguu mbovu tu, nimeuzoea."

Sasa, kadi zitatolewa Jumamosi hii, kwenye ukumbi ulio nyuma ya Ngome ya Yesu. Barua ya mwaliko unayo, na nasikia umeshashonesha koti. Labda jambo moja hukuambiwa. Kila mzee akiitwa, Mheshimiwa humuuliza tena lile swali mbele ya watu wote, kwenye kipaza sauti. Anasema ni ili na wale waliokufa watajwe. Nilipomweleza Baba hivyo, aliomba karatasi na kalamu.

"Kaka hajui," akasema. "Ataaibika."

Karatasi ndogo iliyo ndani ya bahasha hii ni mwandiko wake. Ameandika jina la kijana aliyelala kitanda cha pili, ubavuni mwake. Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani. Ameniambia alikuwa mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa akimwandikia barua za kwao kwa sababu Baba mwandiko wake ulikuwa mbaya, na kwamba gari lilipopinduka walikuwa wameketi bega kwa bega, na kijana huyo hakutoka hai. Amesema nikwambie ulitamke polepole, usilikoroge, na usiongeze maneno mengine. Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Mimi ndiye niliyelia.

Sijalibadilisha jina, ingawa shetani alinishauri. Nimelitia kama lilivyo. Ukilikariri, utapewa kadi yako na watu watakupigia makofi, na mimi nitakuandikia tikiti ya kurudi nyumbani kama wazee wengine. Ninachokuomba, Baba Mkubwa, na nakuomba nimepiga magoti, ni kwamba ukiulizwa usijibu wewe. Ajibu Baba.

Nisalimie Mama Mkubwa, umwambie dawa ya goti iko kwa mwalimu, kwenye mfuko mweusi. Msalimie mzee wa kanisa na mkewe aliyenifundisha kushona. Shangazi wa kule mtoni mwambie kitambulisho cha mwanawe kimetoka, aje akichukue mwenyewe. Na yule jirani yetu anayechunga mbuzi wa Baba, mwambie Baba anauliza kama yule mwekundu amezaa.

Mimi ndiye nitakayesoma majina. Jina lako nitalisoma mara moja tu, kisha nitanyamaza. Baba atakuwepo. Jana alinunua shati jeupe pale Marikiti, na ameniomba nimwekee kiti cha mbele kabisa, ili jina lako likiitwa awe wa kwanza kukupigia makofi.

Ni mimi binti yako,
Wakesho