Samaki ya Vivimbe Vyeupe

Yaya Ngoie mupendwa,

Jambo sana kwako na kwa batoto. Usishangae picha ya maporomoko kwenye kadi hii. Yako mbali sana na huku Nchelenge ninakokaa, lakini dukani hakukuwa ingine.

Juzi Bana Chanda, mama ninayelala kwake, alileta samaki kutoka ziwani. Mapezi yalikuwa na vivimbe vyeupe, kama mutu alibandika mchele juu yake. Alikata mapezi, akayatupa chini, tukala samaki na bukari. Tamu, sikudanganyi! Tukiwa bado tunakula, akapita bwana wa serikali anayechunguza samaki. Akayaokota mapezi mbele bata wa nyumbani hawajayala, akayatia katika chupa. Alisema ni virusi, kadudu kasikoonekana na macho, kanagonjesha samaki tu, hakaingii mutu. Nikashukuru. Bana Chanda akamwekea sahani. Yeye: "Asante mama, nimeshiba." Na tumbo lake lilikuwa linanguruma, sote tulisikia!

Sasa nishike maneno yake ao sahani yake? Tangu siku ile niko nasikiliza tumbo langu. Linasema njaa tu.

Yaya, kile kikapu cha samaki wakavu nilichokutumia na mashua, samaki wale wanatoka katika nyavu zile zile za huyu wa vivimbe. Wakikauka, kivimbe hakionekani tena. Kama mumekwisha kula, basi, hakaingii mutu. Kama bado, mufunge kikapu, muningojee. Nitakula wa kwanza, na wewe uniangalie.

Mudogo wako anayekupenda,
Kabedi