Waya wa Kijani Nilioukata

Jumapili, Nkoma, Mbale

Bado siamini.

Jana nilikwenda Jinja kuchagua mashine ya kulehemu, ile yenye kisanduku cha kurekebishia joto, maana chuma changu cha zamani cha kulehemu kinaunguza redio badala ya kuzitengeneza. Nilishaipenda moja nyepesi, yenye plagi ya pini mbili. Haji mwenye duka akaichomeka, akagusa ncha yake kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Testa ikawaka.

"Afande, umeme inatoka mpaka hapa," akasema. "Hii haina ile waya ya kijani ya kupeleka umeme kwa udongo. Chukua ya pini tatu."

Nikachukua ya pini tatu, lakini akili ilikuwa imeshafika nyumbani Mbale. Chuma changu kilikuja na nyaya tatu. Ule wa kijani niliukata mwenyewe siku ya kwanza, kama tunavyofanya wote huku kwenye nyumba za askari magereza. Tuliuona hauna kazi.

Leo baada ya kanisa nimekichomeka, nikagusa ncha kwa testa. Ikawaka!

Mimi hulehemu nimevaa buti za mpira, umeme haunipati. Mke wangu Apio hunishikia nyaya akiwa peku juu ya saruji. Mara ngapi ameniambia, "Baba Opio, hii kitu yako inaniuma"? Nami nikacheka, nikamwambia aache woga. Mungu wangu. Angeweza...

Nimeshindwa kumwambia. Jioni nilipofungua mashine mpya, alikuja kunishikia waya kama kawaida, amevaa buti zangu.