Karatasi ya Mandazi

Jumanne, Shirere

Mandazi yenyewe sikuyala. Mama Achitsa, anayetupikia pale saiti, alinifungia kwa kipande cha ramani kuukuu ya hosteli tunayoijenga. Ramani zote za karatasi nilimpa mimi mwenyewe mwezi uliopita, nikijigamba: "Chukua, mama. Siku hizi kila kitu kiko kwa tableti."

Kwenye kipande hicho, kando ya nguzo ya pembeni, injinia alikuwa ameandika kwa penseli: vyuma sita, si vinne.

Kwa tableti niliingiza ramani safi za ofisini. Hizi za saiti, zenye penseli yake, sikuzifungua hata moja.

Nilimuuliza Fundi Ambani, kama mzaha, nguzo ile aliiwekea vyuma vingapi.

"Vinne. Si ndivyo tableti yako ilisema?"

Konkriti ilimwagwa wiki jana. Leo wamepandisha ukuta juu yake.

Nimempigia injinia mara mbili, nikakata kabla hajashika. Kesho lazima nimwambie, lakini nikiulizwa kama aliandika kwingine...

Nilirudi kwa Mama Achitsa kuomba karatasi zilizobaki. Alicheka.

"Zimeisha, mwanangu. Si nimefungia watu mandazi mwezi mzima?"

Wamekula, wamepangusa mikono, wametupa.